Kadi Isiyopiga Stata

Watu huniita Kisirani, na sijawahi kubishana nao. Mimi ni fundi wa kompyuta, na kazi hii imeninoa ulimi, maana kutwa naletewa mashine zilizomwagiwa chai na watu wanaoapa kwamba hazijawahi kuona hata tone la maji. Lakini siku Dada aliponipigia simu, ukali wote ulinitoka. Dada hapigi simu, kwa sababu Dada hana sauti. Nilipopokea nilisikia ukucha ukigonga, gonga, gonga, kwa haraka, nikajua hapo kuna jambo. Nikafunga duka na mteja bado amesimama mlangoni.

Nilimkuta amekaa pembeni ya kitanda cha Baba, mikono juu ya kibodi, kompyuta yake kuukuu imewaka juu ya meza ndogo ya magurudumu. Mashine ilikuwa inakwaruza, krr, krr, kisha inagonga ndani kwa ndani, kisha inaanza upya. Baba alikuwa ameegemezwa mito, macho wazi, na macho yale hayaoni kitu.

"Mama, mbona unasitasita?" alikuwa anamwambia Dada. Sisi wanawe wa kike wote hutuita mama anapokuwa na furaha au anapoumwa. "Mimi nakusubiri wewe. Sema."

Dada akanigeukia. Mimi nimejifunza kusoma midomo yake tangu utotoni, sihitaji kuandikiwa. Midomo ikasema, "Imekufa."

Hebu nieleze, maana mtu asiyetujua atasema, ah, kompyuta tu, si wanunue nyingine.

Dada alitokwa na uvimbe kooni akiwa msichana. Madaktari wakamwondolea zoloto lote, yaani kisanduku cha sauti. Tangu hapo anapumua kwa tundu dogo chini ya shingo, ambalo hulifunika kwa kitambaa chepesi, na maneno yake yote yakabaki midomoni na kwenye karatasi. Kwa miaka mingi haikuwa shida kubwa. Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Akirudi nyumbani Dada anamwandikia, yeye anasoma, wanacheka, wanagombana, kama watu wengine. Kisha presha ya macho ikamnyang'anya Baba nuru, kidogo kidogo, mpaka ikaisha yote. Sasa fikiria watu hao wawili katika nyumba moja. Mmoja hawezi kusema na mwingine hawezi kusoma. Walikaa hivyo wakishikana mikono tu, na mimi nikiwa mkalimani ninapokuja, na mimi si mkalimani mzuri, maana naongeza yangu.

Dada ni msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Huko ndiko walikokuwa wanatupa kompyuta moja ya kale, na ndani yake mlikuwa na kadi ya sauti, ile ya zamani kabisa, iliyotengenezwa kusoma maandishi ya lugha ya kigeni kwa sauti. Dada akaiomba. Akakaa nayo jioni baada ya jioni akiifundisha kusema kama sisi. Anaandika neno, anasikiliza, linatoka kombo, analipinda herufi, anasikiliza tena, mpaka linyooke. Akaendelea na jingine. Hivyo hivyo, maelfu ya maneno, kila moja limepimwa kwa sikio lake. Sauti yenyewe ilikuwa ya mwanamume mwenye mafua, na kila sentensi ilipanda mwishoni utadhani anauliza. Lakini siku ya kwanza ilipomwambia Baba, "Baba, chakula tayari," Baba alilia kama mtoto, na chakula kikapoa.

Kila neno alilolifundisha lilikuwa ndani ya diski ya mashine ile. Na diski ndiyo iliyokuwa inakwaruza vibaya.

Simu tulishajaribu. Mimi mwenyewe nilinunua simu nzuri yenye sauti tamu ya kike, unaandika inasema. Baba aliisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Mpeni mgeni kiti." Nikadhani anatania. Kumbe hatanii. Akauliza, "Na mwanangu yuko wapi leo?" Tukaizima, tukarudi kwa mwenye mafua.

Sasa Baba alikuwa amerudishwa kutoka hospitali. Moyo ulikuwa umechoka, na daktari alitueleza kwenye ujia kwa ile sauti ya chini ambayo ukiisikia huhitaji tena maelezo. Baba hakuambiwa ila alijua. Asubuhi ile ile aliniambia kwenye simu, "Nina swali nataka kumuuliza dada yako. Nimelibeba muda mrefu. Akishanijibu, mimi nitakuwa sina neno tena."

"Niulize mimi, Baba, nimfikishie."

"Wewe? Wewe utanijibu kabla sijamaliza kuuliza."

Sasa nilipofika, nikakaa upande wa pili wa kitanda. "Baba, mashine imeharibika kidogo. Si umuulize tu, akufinye mkono? Mara moja ndiyo, mara mbili hapana."

"Si swali la kufinywa mkono." Akapumzika, maana sentensi moja ilikuwa inamchosha. "Na siulizi mpaka nijue anaweza kunijibu. Nikiuliza nikasikia kimya, nitajijibu mwenyewe. Na mimi najua nitajijibu vibaya."

Dada akaniangalia. Jamani, yale macho. Nimemjua maisha yangu yote na sijawahi kumwona anaogopa, hata alipokuwa anapelekwa kukatwa koo. Midomo ikasema, "Fanya upesi."

Nikaichomoa diski. Kipande cha chuma kizito, ukubwa wa tofali dogo, kimechoka kama mzee wa kazi. Nikakifunga kwa kanga, nikapakia mashine yote kwenye gari la jirani, nikaenda kwa daktari wa meno.

Msicheke. Daktari wa meno huyu riziki yake ni meno, lakini mapenzi yake ni kompyuta zilizozeeka. Chini ya taa ile ile anayowamulikia watu mdomoni, ndipo anapolehemu vikadi vyake. Kikadi chenyewe ni kibao cha kijani kinachoenea kiganjani. Upande mmoja kina pini za utepe wa nyaya za diski ya zamani, upande wa pili kina mdomo wa kuingiza kadi ya kumbukumbu kama za kamera. Mashine kongwe inakiuliza, "Wewe ni diski?" nacho kinajibu, "Ndiyo, mimi ni diski," na mambo yanakwenda. Anavituma kote duniani kwa wendawazimu wenzake. Tumekorofishana mara nyingi kwa sababu ya hao wenzake. Kuna wengine, wakishaweka kikadi na mashine ikawa kimya, wanaona huzuni, basi wanaunganisha kidude cha kugonga-gonga ili isikike kama zamani. Nilimwambia daktari mbele ya wagonjwa wake kwamba huko ni kumvisha mwanasesere nepi.

Nilipoingia alikuwa amemwinamia mtu. "Kaa, fungua mdomo," akaniambia bila kugeuka. Kisha akaona nilichobeba. "Aa. Kumbe ni wewe, Kisirani. Huo mdomo usiufungue."

Nikamweleza kwa maneno machache. Akamaliza jino lililokuwa mbele yake, kisha akamwambia muuguzi awaombe radhi waliobaki. Hakuuliza kitu zaidi.

Shida ya kwanza ilikuwa kadi zenyewe. Kompyuta ile haijui kuhesabu mbali. Ukiipa kadi kubwa za siku hizi inachanganyikiwa, inaona takataka. Daktari alikuwa na droo ya kadi ndogo ndogo alizozitoa kwenye kamera zilizokufa. Akanichagulia moja. Shida ya pili ilikuwa diski. Tuliiwasha ikiwa imelala, ikakataa. Tukaisimamisha kwa ubavu, maana diski nyingine zikizeeka zinasomeka kwa ubavu tu, ikaguna, ikazunguka. Nikakagua, nikakagua tena, kipi kinanakiliwa kwenda wapi, maana katika kazi yetu wapo waliowahi kunakili utupu juu ya kila kitu walichokuwa nacho, na hata kulia haikuwasaidia. Kisha nikaanza.

Tulikuwa tunavuta kidogo kidogo. Ikifika mahali pabovu inakwama, tunaruka, tunasoma mbele, tunarudi. Roho yangu ilikuwa mkononi. Daktari alishika diski kwa vidole viwili kama anavyoshika taya la mgonjwa, na kila ikigonga alikuwa anasema, "Pole, pole, tunamaliza," na nadhani hakujua kwamba anasema. Sehemu chache hazikupatikana kabisa, michezo fulani na barua za kiwanda. Faili la maneno ya Dada likatoka zima. Muda si mrefu baadaye diski ikatoa mlio mmoja mwembamba na haikusoma tena.

Tukaweka kadi kwenye kikadi, kikadi kwenye mashine, tukawasha. Lo! Ile mashine iliyokuwa ikijikongoja kama mgonjwa anayetafuta viatu, sasa iliamka papo hapo. Kimya, hata mkwaruzo hakuna. Nikaandika neno, likasemwa kabla kidole hakijatoka kwenye kibodi. Nilivimba kichwa, siwafichi. Njia nzima ya kurudi nilikuwa natabasamu peke yangu.

Dada aliketi mahali pake. Akajifuta mikono kwenye gauni, akaandika, na mwenye mafua akasema mara moja, "Baba, nimerudi."

Baba akauvuta mkono wake chini ya shuka. "Nani?"

"Ni mimi. Mwanao."

"Nani huyu?" Sauti ya Baba ilikuwa imepanda. "Nani kamleta huyu humu ndani?"

Dada akaandika upesi, na mashine ikasema upesi, na kadiri ilivyosema upesi ndivyo Baba alivyozidi kujikunyata. Hapo nikashikwa na hasira. Nimekimbia mji mzima, nimemwacha mteja mlangoni, nimemsumbua daktari wa watu!

"Baba! Ni kompyuta ile ile! Ni kadi ya sauti ile ile, maneno yale yale, mwanao yule yule! Nimebadilisha diski tu! Unataka nini tena?"

"Usinipigie kelele, Kisirani." Alisema polepole, kwa heshima ya mtu anayemaliza nguvu zake za mwisho. "Nimeendesha malori tangu hamjazaliwa. Gari langu nalijua linavyowaka. Mwanangu hupiga stata kwanza. Krr, krr, halafu ndio anasema. Mimi nikisikia ile stata najua amekaa, najua ananiangalia, najiweka sawa. Huyu anasema kabla hajawaka. Mtu wa namna hiyo simjui. Mtoeni."

Dada alitoa mikono kwenye kibodi akaiweka magotini. Kulia kwake hakuna sauti. Kitambaa tu shingoni kilikuwa kinaenda na kurudi, kinaenda na kurudi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, kwa kuwa nilimpigia kelele mgonjwa na kwa kuwa alikuwa anasema kweli.

Nilitoka nikaketi kwenye ngazi ya nyuma. Sikuhitaji kufikiri sana. Kila Dada alipotaka kusema, diski ile ilikuwa inakwenda kuchukua maneno, moja moja, na mkwaruzo wake ndio uliokuwa pumzi yake kabla ya kusema. Sisi wenye macho tulikuwa tunamwona akiinamia kibodi. Baba alikuwa na mkwaruzo tu. Na mimi fundi hodari nilikuwa nimeuondoa, tena kwa majivuno.

Nilijaribu ya karibu kwanza. Nikaiunganisha diski ya zamani kwenye umeme peke yake, angalau ilie. Ikazunguka na kuvuma kama feni, lakini mkono wake wa ndani haukusogea, na haikukwaruza. Dada akachukua kitana, akakikwaruza pembeni ya meza kisha akaandika. Baba akauliza, "Nani anachezea kitana?" Tukaacha. Kumdanganya mtu asiyeona ni jambo baya, na lisipofanikiwa ni baya zaidi.

Kisha Baba akaanza kulala usingizi wa namna nyingine. Anazama, anaibuka, akiibuka anauliza, "Amekuja?" Namwambia, "Yuko hapa, Baba, huu mkono wake." Anaushika, anaupapasa, anautambua, kisha anasema, "Mkono ni wake. Lakini sijamsikia."

Nikampigia daktari wa meno. Nilimeza mate kwanza.

"Daktari, kile kidude cha kugonga. Cha wale wenzako."

Angekuwa mwingine angenisimanga mpaka nikome. "Nepi?" akasema. "Ninazo. Nakuja."

Alikuja na mkoba wake wa kazi na koti lake jeupe, majirani wakadhani Baba amezidiwa na meno. Tukafungua mashine palepale chini, kando ya kitanda. Kwenye kikadi pana taa ndogo inayowaka kila kadi inaposomwa. Daktari akachukua waya kutoka kwenye taa ile, akaupeleka kwenye swichi ndogo ya sumaku iliyokuwa na ulimi wa chuma, akaifunga kwenye ubavu wa kasha. Taa ikiwaka, ulimi unagonga.

"Hiki hakiigizi," akaniambia kwa sauti ya chini. "Kinagonga pale tu kadi inapofanya kazi. Asiposema neno, hakigongi."

Nikakipenda kwa hilo. Sikutaka kumwekea Baba kinanda cha kujipigia tu.

Tukajaribu Baba akiwa amezama usingizini. Tik. Mara moja tu, basi, na sauti imeshatoka. Kadi ilikuwa na mbio mno. Maneno yote inayazoa kwa mkupuo. Daktari akanitazama, na mimi nikajua kilichobaki ni cha kwangu. Maisha yangu yote nimelipwa kuziongezea mashine mbio. Nikaketi sakafuni nikaanza kuipunguzia hii. Nikaiambia iende kwenye kadi kwa kila neno peke yake, irudi, ingoje, iende tena. Nikaongeza kungoja kidogo, nikasikiliza, nikaongeza kidogo tena. Dada alikuwa amechuchumaa mbele yangu, amefumba macho. Alikuwa ananionyesha kwa mkono, polepole, polepole zaidi, hapo, rudi, hapo. Kumbe naye alikuwa anaujua mkwaruzo wake kwa moyo. Mimi niliyekuwa naudharau ndimi pekee nisiyewahi kuusikiliza.

Baba alipoibuka, Dada alikuwa ameshakaa. Akaandika. Mashine ikasema tiki-tiki, tik, tiki-tiki, na ikangoja, na mwenye mafua akasema, "Baba."

Baba aligeuza kichwa. Daktari wa meno alikuwa amesimama mlangoni na bisibisi mkononi.

"Stata mpya hiyo," Baba akasema.

Nikanyosha mkono niizime mashine.

"Ile ya zamani ilikuwa imechoka, nilikuwa naisikia kila siku. Nikasema, hawa hawaibadilishi mpaka ife njiani." Akatoa mkono nje ya shuka, akaufungua. "Njoo, mama. Ulikuwa wapi?"

Dada akauweka mkono wake mmoja ndani ya ule, akaandika kwa mmoja uliobaki. Tiki-tiki, tik. "Nilikuwa hapa hapa."

Daktari akaondoka taratibu bila kuaga. Mimi nikainuka nimfuate.

"Kisirani, toka," Baba akasema. Kisha, "Au baki. Ukitoka utasikiliza mlangoni, na hapo mlangoni pana upepo."

Nikabaki, nikaegemea ukuta.

"Uliza, Baba," mashine ikasema, na kwa vile ilikuwa inapandisha kila sentensi, ilisikika kama anaomba.

Baba alikusanya pumzi. "Kabla hawajakukata koo, ulikuwa na sauti yako. Nikirudi safari, nikizima gari tu pale nje, hicho ndicho kitu cha kwanza nasikia. Unaniita. Nilikuwa naendesha safari nzima kwa ajili ya hilo." Akaubana mkono wa Dada. "Sasa nimekaa humu gizani muda wote huu, ninaitafuta. Siipati. Marehemu mama yenu namsikia. Utingo wangu aliyekufa zamani namsikia, na matusi yake yote. Hata breki za lori la kwanza nazisikia. Yako siipati. Nikiitafuta inakuja hii ya mashine. Naona aibu, mama. Baba gani huyo, anasahau sauti ya mtoto wake? Sijamwambia mtu. Niambie wewe. Ilikuwaje?"

Mimi nilikuwa nimedhani ni habari ya nyumba, nani airithi. Nyumba! Nilifunika mdomo kwa kiganja. Nilijaribu kuikumbuka mimi mwenyewe palepale, nimsaidie, nikapata tu kelele za dada mkubwa anayemfukuza mdogo wake kwenye vitu vyake. Maneno niliyakumbuka, sauti sikuikumbuka.

Dada hakuandika upesi. Aliutazama uso wa Baba, uso mzima, kama anayesahihisha ukurasa wa mwisho kabla haujaenda kuchapwa. Kisha akaandika, na kidude cha daktari kikagonga, kikangoja, kikagonga.

"Hata mimi nimeisahau, Baba."

Baba akatega sikio vizuri.

Tiki-tiki, tik, tiki. "Tulisahau wote. Haikuwa kosa lako."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Sauti yangu ni hii."

Kitu kikaanza kumtikisa Baba kifuani, nikashtuka nikamkimbilia, kumbe anacheka. Machozi yalikuwa yanamtoka kwenye yale macho yasiyo na kazi nyingine, na anacheka.

"Hii hii ya mwenye mafua?"

"Hii hii."

"Basi hiyo ninayo," Baba akasema. "Hiyo ninayo, mama. Hiyo siwezi kuisahau."

Akaushika mkono wake mpaka usingizi ukamchukua. Na ulikuwa usingizi mzuri, wenye pumzi ndefu. Sikuwa nimeuona tangu atoke hospitali.

Nilimkuta Dada jikoni. Alikuwa ameweka maji ya chai na kuyasahau, yanachemka yenyewe. Nikazima jiko. Sikuwa na haki ya kuuliza, lakini hiyo ndiyo tabia yangu, neno likinikaa kooni lazima litoke.

"Dada. Ile sauti. Unaikumbuka, sivyo?"

Akanigeukia. Akaitikia kwa kichwa, ndiyo. Midomo yake ikasema, "Kila siku. Huwa naota nasema nayo." Kisha akaweka kidole midomoni, akinionya mimi, mwenye domo kubwa kuliko wote, ninyamaze.

Nililia mpaka nikashika ukingo wa sinki. Yeye ndiye aliyenishika, alipaswa kushikwa yeye. Nikamwambia, "Si ungemwambia tu ilikuwaje, nyembamba, nzito, angalau kidogo." Akatikisa kichwa. Akanifuta uso kwa ncha ya kitambaa chake, na nikayasoma maneno yake polepole, maana machozi yalikuwa yananizuia kuona midomo. "Ningemweleza, angeendelea kuitafuta. Alikuwa amechoka."

Baba alikufa wiki ile ile, akiwa mwepesi, akimtania Dada kuhusu mafua mpaka karibu na mwisho. Mbele yake nilinyamaza kama nilivyoambiwa. Sasa amebaki mtu mmoja tu duniani anayejua sauti ile ilikuwaje, na ndiye asiyeweza kutusikilizisha.